Fundi wa vidole vya bluu

Nilikwenda Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta shafti. Shemeji yangu anauza juisi ya miwa Temeke, na mashine yake ilikuwa imekatika shafti ya rola ya juu Ijumaa mchana, wateja wamepanga foleni. Maduka mawili ya vipuri yalinijibu lile lile: haziji tena hizo, katafute mkerezaji. Nikafunga vipande viwili vya chuma ndani ya gazeti (mhariri wangu anisamehe), nikaingia vichochoroni. Kwenye karakana ya tatu nikakutana na mikono ambayo mpaka leo sijaisahau. Mzee mrefu, miwani imefungwa kwa uzi, vidole vyote kumi vya bluu hadi fundo la pili.

Nilidhani ni bluu ya kufulia kanzu. "Shikamoo mzee, leo umefua?"

"Marahaba. Subiri kidogo, mwanangu, usije ukanitikisia."

Alikuwa ameshika rula nene ya chuma cha kusubu, ndefu kama mkono wa mtu mzima, upande wa chini umepakwa rangi hiyo ya bluu iliyochanganywa na mafuta. Aliipaka kidogo sana, mithili ya mtu anayepaka siagi ya kukopa. Akailaza juu ya reli ya mashine kuukuu ya kukerezea, akaisogeza mbele na nyuma mara mbili kama anapiga pasi, akainyanyua. Reli ikabaki na madoa: hapa matatu, pale sita, kwingine chuma kitupu kinang'aa. Nikaelewa taratibu. Madoa yale ni vilima. Palipoinuka ndipo palipogusa rangi.

Kisha akachukua kifaa kama patasi ndefu isiyo na makali ya kutisha, akaegemeza mpini kwenye nyonga, akasukuma. Nguvu ilitoka kiunoni, mikono ikiongoza tu. Krr. Doa likaondoka na unga wa chuma laini kuliko hiliki iliyosagwa. Krr. Akafuta kwa kitambaa, akapaka, akalaza rula upya. Safari hii madoa yalikuwa mengi zaidi, madogo, yametapakaa. Nilimpa pole, nikidhani ameharibu. Akacheka. Ndivyo inavyotakiwa: vilima vichache virefu vigeuke kuwa vingi vifupi, hadi reli nzima iwe sawa.

"Msukumo mmoja unatoa maikroni tatu, nne. Unywele wako, kama bado unao, ni maikroni sabini hivi. Kwa hiyo hapa nakwangua unywele kwa mafungu. Na vile vishimo vinavyobaki katikati vina kazi yake: vinatunza mafuta. Ukiifanya reli iwe kama kioo, chuma na chuma vitang'ang'aniana."

Kifaa chenyewe akakiita shaberi. Mimi nikasikia shaba.

"Shaberi. Ni Kibulgaria hicho. Wenyewe wameondoka, neno wametuachia."

Alijifunza ujanani kule Hai, kwenye kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools kilichojengwa kwa msaada wa Bulgaria. Wanaokumbuka viwanda vya Hai na Mang'ula wanajua nchi ilikuwa inataka nini: mashine za kuzaa mashine. Wanajua pia kwamba ndoto ile haikudumu, sina haja ya kuyarudia yaliyofuata. Mzee alitoka huko na cheti, shaberi mbili na rula ile, ambayo haazimishi mtu. Jina lake amenikataza kuliandika. "Wateja wangu wananijua," alisema, na mjadala ukaishia hapo.

Kilichonirudisha pale mara tatu baada ya shafti ya shemeji kwisha kilikuwa kitu kilichosimama kwenye kona, kimefunikwa khanga iliyopauka. Chini ya khanga ile kuna mashine ya CNC, ya kukereza kwa kompyuta, iliyotumika ughaibuni kabla ya kufika bandarini. Mzee na mwanawe waliinunua kwa mkopo ambao alipoutaja alishusha sauti. Sababu aliitoa bila kuremba: amekosa watu.

Nilimuuliza inawezekanaje. Sensa ya 2022 ilituhesabu zaidi ya milioni 61, wengi wetu vijana, na nje ya mlango wake walikuwa wamekaa watatu wanacheza drafti.

"Waite," alisema. "Waulize kama wanataka kusimama miaka mitatu kabla hawajaanza kusikia chuma. Chuma kinasema, mwanangu. Kisu kikiwa butu sauti inakuwa nzito, kikiingia sana kinalia. Mwaka wa kwanza kijana hasikii kitu. Mwaka wa pili anasikia lakini haelewi. Na mimi muda wote huo nampa nauli na chakula cha mchana. Bodaboda jioni ana hela mkononi. Ningekuwa na miaka ishirini leo, hata mimi ningepanda pikipiki."

Nilipenda kwamba hakuwalaumu. Tumezoea kusikia kwamba vijana ni wavivu, na neno "uhaba wa wafanyakazi" hutamkwa kama uhaba wa mvua, jambo la Mungu. Hapa Gerezani uhaba una anwani. Ni miaka mitatu ambayo hakuna anayekubali kuilipia: mzee hana uwezo, mteja hataki, na kijana hana cha kula akisubiri.

Japani wana uhaba wa aina nyingine, ule wa kweli wa vichwa. Kule watu wenye miaka 65 na zaidi ni zaidi ya asilimia 29. Kawasaki ilianza kuunda roboti za viwandani mwaka 1969, na wafanyakazi wa viwanda vya huko wakawa wanazipa roboti majina ya waimbaji wa kike waliowapenda. Hawakuona wameletewa mshindani, maana nafasi zilikuwa wazi. Marekani hadithi ni tofauti. Mashine ya kwanza ya kukata chuma kwa namba ilioneshwa chuo cha MIT mwaka 1952, na mwanahistoria David Noble aliandika miaka thelathini baadaye kwamba nyuma yake kulikuwa pia na hamu ya wakubwa kumpokonya fundi usukani. Nilipomsimulia mzee, alifikiri kidogo. "Mimi ndiye mkubwa na mimi ndiye fundi. Sasa nani kampokonya nani?"

Anayeiendesha CNC ni binti mmoja aliyetoka chuo cha ufundi cha VETA, mpole, anayemwita mzee Babu ingawa si ndugu. Anachora shafti kwenye kompyuta, anabonyeza, mashine inakata. Vipande ishirini vya bushi vinatoka wakati mzee angekuwa bado yuko kwenye cha nne. Kwa kazi ya bushi ishirini, hakuna ubishi tena pale. Mzee mwenyewe anakiri.

Ubishi uko kwenye usahihi, mwembamba kama tundu la sindano. Mashine ile ilichoka huko ilikotoka. Reli yake imelika, na imelika zaidi karibu na kinywa kinachoshika chuma, kwa sababu kazi nyingi za watu ni fupi na kisu hupita hapo hapo kila siku. Matokeo yake ni kwamba shafti inayotakiwa kuwa sawa inatoka ncha moja nene kidogo kuliko nyingine. Binti aliligundua hilo wiki ya pili. Hakugusa reli. Aliingia kwenye programu, akaiambia mashine iende mshazari kiasi hicho hicho kwa upande wa pili. Shafti ikatoka sawa. Mteja akalipa.

"Ameifundisha mashine kusema uongo wa kufuta uongo," mzee aliniambia, nami nikashindwa kujua analaumu au anasifu. "Kwa shafti fupi ni sawa. Leta ndefu uone. Reli haijalika kama mteremko, imelika kama godoro. Uongo mmoja hautoshi, utatunga mpya kila sentimita."

Binti alikuwa anasikia. "Babu, lakini zinapita kwenye kipimo."

"Zinapita leo."

"Na kuikwangua ni siku ngapi?"

"Wiki sita. Pengine nane."

"Mkopo je?"

Mzee akarudi kwenye reli yake.

Niliuliza kama kuna njia ya mkato. Kuna shaberi za umeme, Wajerumani wanatengeneza, zinamwokoa mtu kiuno. Macho ya kusoma madoa haziji nayo. Na huko Japani kwenyewe, kampuni kama Yasda, zinazouza mashine za kompyuta za usahihi wa juu kabisa, bado zinaweka watu wa kukwangua kwa mkono. Jambo hili ndilo lililonikosesha usingizi. Mashine inayonunuliwa kwa sababu fundi hapatikani, nayo ilisawazishwa na fundi aliyeinama na rangi vidoleni.

Basi ile rula ya mzee, nayo ilisawazishwa na nini? Hapo aliweka chombo chini kwa mara ya kwanza siku ile.

"Mabamba matatu. Ukichukua mawili ukayasuguanisha na rangi, yanaweza kukubaliana na yote yakawa waongo. Moja limebonyea, moja limetuna, yanaingiana kama kikombe na kisahani. Lete la tatu. Kila moja lisuguliwe na kila moja. La tatu haliwezi kuelewana na waongo wawili kwa pamoja. Ukikwangua mpaka yote matatu yakubaliane, ujue yako sawa, na hukuhitaji mashine yoyote."

Mwingereza Joseph Whitworth aliieleza njia hiyo hadharani mwaka 1840. Mzee hakuwahi kulisikia jina hilo. Aliipata kwa Mbulgaria mmoja aliyekuwa akizungumza kwa vidole kuliko kwa mdomo.

Binti anaijua? Nilimuuliza yeye mwenyewe, pembeni. Alisema angependa, lakini zamu yake huisha saa kumi na moja na nyumbani ni Mbagala, na mchana mashine haisimami. Mzee naye haweki pembeni muda wa kufundisha, kwa sababu reli aliyo nayo ni ya mteja wa Morogoro anayepiga simu kila asubuhi. Mwanawe, mwenye deni, anaziangalia saa za wote wawili. Sikumwona mkosaji kati yao.

Siku ya mwisho mzee alinipa shaberi nijaribu. Nikaiegemeza nyongani, nikasukuma. Ikateleza, ikaacha mchubuko mrefu mweupe katikati ya madoa yake. Binti akaziba mdomo. Mzee alipitisha kidole juu ya mchubuko, macho kafumba, akavuta stuli.

"Umenitia hasara ya robo saa," alisema, akalifungua kopo la bluu.