Kamera ya Kompyuta Isipoonyesha Picha

Mwalimu wa sayansi mwenye watoto sitini na mbegu moja ya haragwe inayoanza kuota hana budi kujiuliza wale wa nyuma wataona nini. Kamera ndogo ya USB ikielekezwa mezani, na picha yake ikatupwa ukutani kwa projekta, humwondolea shida hiyo. Hata hivyo tumewaona wanachuo kadhaa katika mazoezi ya kufundisha wakiiweka kamera kando, wakisema kwamba Linux haiikubali. Aghalabu kauli hiyo si ya kweli, na kipindi kimekwisha kupotea.

Tangu toleo la 2.6.26, lililotoka mwaka 2008, kiini cha Linux kimekuwa na programu iitwayo uvcvideo, ambayo huzitambua kamera zote zinazofuata kanuni ya UVC bila kuhitaji diski yoyote. Kamera nyingi za siku hizi huifuata. Baadhi ya zile kuukuu haziifuati, na katika hizo wako wakaidi wasiofaa kubembelezwa.

Uchunguzi basi uanzie kwenye waya. Katika dirisha la amri tuandike lsusb. Kamera isipotajwa katika orodha, tusiilaumu programu. Tubadili tundu, au tuijaribu katika kompyuta nyingine. Ikitajwa, tuandike ls /dev/video*. Hapa wengi hushtuka kuona mafaili mawili, video0 na video1, ilhali kamera ni moja. Kwa kawaida la kwanza hubeba picha na la pili hubeba maelezo ya ziada tu. Programu iliyoelekezwa kwenye la pili haitaonyesha kitu hata tungoje hadi jioni.

Ikiwa faili lipo na picha imekataliwa, huenda mtumiaji hana ruhusa. Aingizwe katika kundi liitwalo video, kisha atoke na kuingia upya. Au huenda programu nyingine iliyosahauliwa wazi bado imeishikilia kamera.

Kosa moja hupotosha kuliko yote. Kamera mbili zikichomekwa pamoja, ya pili yaweza kugoma kwa ujumbe kwamba hakuna nafasi iliyobaki, na mwanachuo akaanza kufuta mafaili yake! Nafasi inayotajwa ni ya njia ya USB, wala si ya diski. Picha ya nukta 640 kwa 480, mara 30 kwa sekunde bila kubanwa, hudai megabiti 147 hivi kila sekunde, na USB 2.0 haizidi 480 kwa vifaa vyote. Katika programu ya guvcview tuchague MJPG, yaani picha iliyobanwa, au tutumie kamera moja.

Limebaki jambo la mbegu yenyewe. Kamera nyingi za bei nafuu hazijirekebishi kwa vitu vya karibu, na mbegu ikisogezwa mno huonekana kama ukungu. Umbali ufaao utafutwe siku moja kabla ya kipindi, na kamera ifungwe kwa kamba papo hapo.