Kakiika: Shamba Lililoingia Mjini kwa Mstari wa Ramani

Msafiri atokaye Kampala kwa barabara ya Masaka, baada ya kuziacha nyuma Lyantonde na Sanga na kupita Biharwe, huingia Kakiika pasipo kutambua kwamba ameingia mahali penye jina. Huona migomba, ng'ombe wenye pembe ndefu, maduka machache kando ya lami, na kambi ya Makenke, yaliyo makao ya Divisheni ya Pili ya jeshi la Uganda. Punde si punde huambiwa amefika Mbarara. Kwa kweli alikwisha kufika zamani. Alikuwa ndani ya mji tangu Biharwe.

Jina la Mbarara lenyewe ni la porini. Wazee wa Ankole husema latokana na emburara, nyasi ndefu zilizofunika vilima hivyo kabla ya nyumba za mabati. Wageni walioshindwa kulitamka wakalipunguza, na tamko la wageni ndilo lililoandikwa katika ramani. Basi jiji zima laitwa kwa jina la malisho, na si ajabu kwamba malisho hayajaondoka.

Hesabu ya watu ndiyo yenye mafumbo. Sensa ya mwaka 1991 ilikuta Mbarara watu 41,031. Ile ya mwaka 2002 ilikuta 69,363. Mwaka 2014 ikatangazwa kwamba wamefika 195,013. Msomaji asiyejua habari atadhani watu 125,650 walizaliwa au kuhamia huko katika miaka 12. Sivyo hata kidogo. Wengi wao walikuwa wamelala katika nyumba zao zile zile, nao mji ndio uliowafuata, kwa maana mwaka ule mipaka ya manispaa ilipanuliwa ikameza Kakiika, Biharwe na Nyakayojo. Mkulima aliyelala mwanakijiji akaamka mtu wa mjini, na jembe lake likiwa mlangoni. Tarehe 1 Julai 2020 Mbarara ikapandishwa kuwa jiji, pamoja na Arua, Gulu, Jinja, Mbale, Masaka na Fort Portal, na Kakiika ikawekwa katika divisheni ya Kaskazini.

Kilichotangulia mstari huo wa ramani ni barabara. Mbarara haina reli. Ile ya magharibi iliyofika Kasese mwaka 1956 ilipita mbali upande wa kaskazini. Kwa hiyo kila kitu hubebwa na magurudumu. Malori ya shehena kutoka Mombasa hupita Kakiika yakielekea Katuna na Kigali. Magari ya maziwa na ya matoke huyapisha yakielekea Kampala. Ndiyo sababu ikajengwa barabara ya mchepuko, itokayo barabara ya Masaka na kuungana na ile ya Kabale bila kugusa katikati ya mji. Malori yamepata nafuu. Mwenye kuuza ndizi za kuchoma kando ya barabara ya zamani ana maoni yake kuhusu nafuu hiyo. Wakazi wenyewe hutegemea matatu na bodaboda, na mwenye bodaboda hajali kama abiria wake ni wa jiji au wa shamba: hutazama kilima na mvua, kisha hutaja nauli.

Hapo ndipo yafaa kuitazama Nakivale, upande wa kusini-mashariki, wilayani Isingiro, kando ya ziwa liliyoipa jina. Wakimbizi wa kwanza kutoka Rwanda walipewa ardhi huko mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Leo wako Wakongo, ambao ndio wengi, pamoja na Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na Waethiopia, na idadi yao imepita 150,000. Kuna masoko, hoteli za chai, cherehani, na Kiswahili ndicho kiunganishi cha wengi sokoni. Walakini Nakivale haiitwi mji. Yaitwa makazi, na jina hilo laamua mengi. Mji hupangiwa lami, mifereji na taa za barabarani katika bajeti ya kila mwaka. Makazi hupangiwa mgawo, nao hupungua wafadhili wanapochoka.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi uhuru wa kusafiri ndani ya Uganda. Lakini uhuru huo hupita katika barabara ya udongo, yenye vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Mama aliyeandikiwa kwenda hospitali ya rufaa Mbarara hahitaji kuelezwa tofauti kati ya mji na makazi. Huipima kwa nauli, na kwa saa anazongoja gari lijae abiria kabla dereva hajakubali kuwasha injini.