Vivutio vya Milima ya Taita kwa Safari ya Siku Moja

Wageni wengi wa Kaunti ya Taita Taveta huishia Tsavo. Hata hivyo, matatu kutoka Voi kupitia Mwatate hufika Wundanyi, penye vivutio visivyojulikana sana. Kilele cha Vuria, chenye urefu wa mita 2,208, ndicho kirefu zaidi katika milima hii. Msitu wa Ngangao ni makao ya ndege adimu wasiopatikana kwingine duniani ila Taita. Msitu wa asili umebaki vipande vidogo. Ukikatwa, ndege hao hawana pa kwenda. Yapo pia mapango yaliyohifadhi mafuvu ya wahenga. Wageni wanahimizwa kubeba sweta, kuandamana na mwongozaji wa eneo hilo, na kutogusa mafuvu hayo.