TUNDA LENYE MIIBA

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Wanafunzi wenzangu, jioni tunakimbilia peremende pale steji, ilhali kuna tunda la bure uani. Nalo ni tunda la mtandamboo. Wakikuyu na Wakamba huuita mti huu mukawa, Wajaluo ochuoga na Wamaasai olamuriaki.

Mtandamboo ni kichaka chenye miiba mikali. Maua yake ni meupe na yananukia kama asumini. Tunda likiwa changa ni la kijani, kisha huwa jekundu, na likiiva huwa la zambarau inayokaribia weusi. Hapo ni tamu ajabu! Huku kwetu Dagoretti, na katika Msitu wa Ngong Road, bado unapatikana.

Je, lina faida gani? Kwanza, lina vitamini C, ambayo husaidia vidonda kupona na ufizi kuwa na nguvu. Pili, rangi ile nyeusi hutokana na anthosiani, mojawapo ya antioksidanti. Mwili ukitumia chakula kupata nguvu, hutoa pia chembe zinazoweza kudhuru seli. Antioksidanti huzituliza. Tatu, matunda hupikwa jemu, na Wamaasai huchemsha mizizi yake katika supu. Lakini si badala ya hospitali.

Sasa sikilizeni vizuri. Likizo ya Agosti tulikuwa kwa nyanya, mdogo wangu akanyoosha mkono kuchuma tunda jeusi. Nyanya akapiga kelele, "Wacha! Huo si mukawa. Miiba iko wapi?" Kumbe ulikuwa msunguti! Huo ni jamaa ya mtandamboo. Maua yake ni meupe na matunda ni ya zambarau vilevile, lakini hauna miiba. Sumu yake ndiyo Wakamba na Wagiriama walipaka kwenye mishale ya kuwindia.

Nilishtuka, kwani mimi mwenyewe sikujua tofauti. Na ua wa nyanya wa mtandamboo ulishang'olewa, ukajengwa ukuta wa mawe. Wadogo wetu watajifunzia wapi?

Kwa hivyo, usile tunda la porini kabla mzee anayeujua mti hajakuonyesha. Pia naomba chama chetu kipande mitandamboo kando ya ua wa shule. Mbegu zake huota. Tutakula, na miiba itatulindia shule!