Je, unene unaweza kukufungia mlango wa ng'ambo?

Siku barua ya ubalozi inapofika nyumbani, jamaa wote hushangilia. Shule imekubali, au mwajiri amepatikana, na ukoo mzima umeanza kuchanga nauli. Kisha mtu hufungua ukurasa wa pili na kukuta agizo fupi: nenda kwa daktari aliyeteuliwa ukapimwe afya yako. Hapo ndipo mwenye mwili mkubwa huanza kukosa usingizi.

Swali lenyewe huulizwa kwa sauti ya chini, na zaidi na akina mama: nikipanda mizani na mshale ukapita kilo mia moja, wataninyima viza?

Si swali la mzaha. Mtu aliyefika hatua hii mara nyingi ameacha kazi, amekopa katika chama, au amewaambia watoto wajiandae kuhama. Kwa sababu ya hofu, wako wanaoshinda njaa wiki nzima kabla ya kupimwa. Wengine hununua tembe na majani ya kupunguza mwili yanayouzwa mitaani bila kujua yametengenezwa kwa nini.

Jibu ni kwamba katika nchi nyingi, uzani peke yake si sababu ya kunyimwa viza. Lakini jibu hilo lina mkia mrefu, na ni heri msomaji aujue mkia huo kabla hajaingia chumba cha daktari.

ANACHOTAFUTA DAKTARI

Daktari wa viza si daktari wako wa kawaida. Ameteuliwa na serikali ya nchi unayotaka kwenda, na kazi yake ni kupima na kuandika anachokiona. Hakupi viza wala hakunyimi. Ripoti yake hupelekwa kwa wenye kuamua.

Atakupima urefu na uzani. Atapima shinikizo la damu, atasikiliza moyo na mapafu, na watu wazima watapigwa picha ya kifua. Atauliza umewahi kulazwa kwa nini, unatumia dawa gani, na umechanjwa chanjo zipi. Kulingana na nchi, utatoa damu na mkojo.

Kwa miaka mingi, kinachoogopwa zaidi ni magonjwa ya kuambukiza. Sheria ya Marekani, kwa mfano, inataja kifua kikuu, kaswende, kisonono na ukoma. Virusi vya HIV vilikuwa katika orodha hiyo hadi vilipoondolewa Januari 2010. Unene haumo.

Uingereza ndiyo yenye masharti machache zaidi. Mkenya anayetaka kukaa huko kwa zaidi ya miezi 6 hupimwa kifua kikuu, na viza haitolewi kwa kuangalia mizani. Badala yake, waombaji wengi hulipa ada ya matibabu, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima. Wauguzi na wahudumu wengine wa afya wanaoingia kwa viza yao maalumu hawalipi ada hiyo.

Wanaoelekea nchi za Ghuba kufanya kazi hupimwa katika kliniki zilizoidhinishwa. Huko pia hofu kubwa ni maambukizi, ingawa shinikizo la damu na kisukari visivyodhibitiwa vinaweza kumfanya mtu aandikiwe kuwa hafai kwa kazi.

MPISHI ALIYEKATALIWA

Nchi iliyovuma zaidi kwa suala la unene ni New Zealand. Mwaka wa 2007 mpishi mmoja kutoka Afrika Kusini alihamia mji wa Christchurch pamoja na mkewe. Wakati huo alikuwa na kilo 160. Alifanya kazi, akalipa kodi, na viza yake ikawa inaongezwa muda bila matatizo.

Mwaka wa 2013 maombi yake yalikataliwa. Maofisa walisema kwamba uzani wake haufikii kiwango cha afya kinachotakikana, kwa kuwa ulimweka katika hatari ya kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. La kushangaza ni kwamba tayari alikuwa amepungua kilo 30 tangu alipofika. Aliruhusiwa kuingia akiwa na kilo 160, akatakiwa kuondoka akiwa na 130. Habari zake zilienea duniani kote, na baada ya rufaa aliruhusiwa kukaa kwa muda wa karibu miaka miwili zaidi.

Hakuwa wa kwanza. Mwaka wa 2007 fundi mmoja wa nyaya za simu kutoka Wales aliambiwa apunguze mwili kwanza ndipo aingie New Zealand kufanya kazi. Alijikaza, akapungua na kukubaliwa. Mkewe alibaki nyuma, naye akihangaika kupunguza wake. Hivyo ndivyo mizani inavyoweza kutenganisha mume na mke.

HESABU YA GHARAMA

Kwa nini nchi ijali kiuno cha mgeni? Sababu ni pesa. New Zealand, Australia na Canada zina hospitali zinazogharimiwa na kodi ya wananchi, na kila moja huuliza: mtu huyu atatugharimu kiasi gani?

Tangu Septemba 2022, New Zealand hukadiria iwapo matibabu ya mwombaji yatapita dola 81,000 za nchi hiyo katika miaka 5. Australia ilipandisha kiwango chake hadi dola 86,000 za Australia mnamo Julai 2024. Canada nayo ililegeza mambo mwaka wa 2018 ilipoongeza kiwango chake mara tatu. Tena Canada haitumii kigezo hicho kwa mume, mke au watoto wanaotegemea mtu aliye huko, wala kwa wakimbizi.

Ukiitazama hesabu hii vizuri utaona jambo muhimu. Mafuta ya tumboni hayana bei. Chenye bei ni insulini ya kila siku, upasuaji wa goti, dawa za moyo, na mashine ya kusafisha damu figo zinapofeli. Kwa hiyo mtu mnene ambaye presha yake iko sawa, sukari iko sawa na figo zinafanya kazi yuko mahali pazuri kuliko mwembamba mwenye kisukari kilichopuuzwa kwa miaka kumi.

Marekani imeelekea upande huo pia. Mnamo Novemba 2025 vyombo vya habari viliripoti kwamba Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo imewaagiza maofisa wa balozi zake kuzingatia maradhi kama kisukari na ya moyo, pamoja na unene wa kupita kiasi, wanapopima iwapo mhamiaji atakuja kuwa mzigo kwa serikali. Maana yake si kwamba kila mnene atakataliwa. Maana yake ni kwamba ofisa anaweza kuuliza: ukiugua, nani atalipa? Mwombaji mwenye busara huenda na jibu, yaani hati za mdhamini wake, barua ya kazi, akiba ya benki au bima.

MWILI WA HESHIMA

Kwetu jambo hili lina uchungu wake. Tumelelewa tukisifu mwili. Bibi harusi akinenepa baada ya miezi michache, wakwe hufurahi kwamba anatunzwa vyema. Mwanamume akiota kitambi, rafiki zake humwita mdosi. Anayekonda huulizwa kama anaumwa. Kisha mtu huyo huyo aliyesifiwa kijijini anaingia kliniki mjini na kuambiwa kwamba sifa hiyo ni ugonjwa.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2014 kuhusu afya na idadi ya watu ulionyesha kwamba asilimia 33 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzani uliopita kiasi. Hao ni mmoja kati ya kila watatu. Kwa hiyo mama anayeogopa mizani asidhani yuko peke yake, wala asione haya.

Kipimo kinachotumiwa na madaktari huitwa BMI, na unaweza kukifanya nyumbani. Chukua urefu wako kwa mita, uuzidishe kwa wenyewe, kisha gawanya uzani wako kwa jibu ulilopata. Tuseme mwalimu ana urefu wa mita 1.65 na kilo 98. Mita 1.65 mara 1.65 ni 2.72. Ukigawanya 98 kwa 2.72 unapata 36. Kuanzia 25 mtu huhesabiwa kuwa na uzani uliozidi, na kuanzia 30 huitwa mnene kupita kiasi.

Kipimo hiki kina kasoro zake. Hakitofautishi misuli na mafuta, na mchezaji wa raga anaweza kuonekana mnene kumbe ni nguvu tupu. Ndiyo sababu daktari hatosheki nacho, bali hutazama presha, mkojo na damu pia.

USIDANGANYE MIZANI

Kujinyima chakula siku tatu kabla ya kupimwa ni kazi bure. New Zealand, kwa mfano, hutumia kipimo cha damu kinachoonyesha sukari ilivyokuwa kwa miezi miwili au mitatu iliyopita. Huwezi kuificha kwa kufunga tangu Ijumaa hadi Jumatatu.

Dawa za kuharisha ni mbaya zaidi. Hutoa maji mwilini, si mafuta, na huweza kukufikisha kwa daktari ukiwa umelegea, moyo ukienda mbio. Hata kukimbia sana jioni ya kuamkia siku ya kupimwa kunaweza kufanya protini ionekane katika mkojo, nawe ukaagizwa urudi kwa vipimo zaidi vya figo ambazo hazina kasoro yoyote.

Kibaya kuliko vyote ni kusema uongo. Wako wanaoficha dawa za presha nyumbani na kumwambia daktari kwamba hawajawahi kuugua. Ugonjwa unaotibiwa unaweza kuelezwa na kukubaliwa. Uongo ukigunduliwa, mtu anaweza kupoteza viza hiyo na nyingine zitakazofuata.

JITAYARISHE HIVI

Kwanza, anza mapema. Siku unapotuma maombi, nenda hospitali iliyo karibu upimwe presha na sukari. Ukikutwa na tatizo, utakuwa na miezi kadhaa ya kulitibu. Daktari wa viza akilikuta yeye kwanza, linaweza kuwa kikwazo.

Pili, usijiwekee shabaha isiyowezekana. Wataalamu wanakubaliana kwamba kupunguza hata sehemu 5 hadi 10 kwa kila mia ya uzani husaidia kushusha presha na sukari. Kwa yule mwalimu wetu wa kilo 98, hizo ni kilo 5 hadi 10. Akipunguza nusu kilo kwa wiki, atahitaji kati ya miezi miwili na nusu na mitano.

Tatu, anzia jikoni. Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari kama vijiko 8 vya chai. Ukiiacha, ukapunguza mandazi ya asubuhi na mafuta ya kukaangia, na ukaongeza sukuma wiki, kunde na maharagwe huku tonge la ugali likipungua, umefanya kazi kubwa bila kununua chochote. Shuka kwenye matatu vituo viwili kabla ya chako na utembee.

Nne, siku ya kupimwa fika mapema, upumzike. Aliyepanda ngazi mbio presha yake husoma juu, na chai kali au kahawa huipandisha pia. Kama mkono wako ni mnene, omba upimwe kwa ule mkanda mpana, kwa sababu mkanda mdogo huonyesha presha kubwa kuliko ilivyo. Una haki ya kuliomba hilo kwa heshima. Akina mama walio katika siku zao waombe kubadilishiwa tarehe ikiwa mkojo utapimwa.

Tano, beba karatasi zako: kadi ya chanjo, majina ya dawa unazotumia, na barua ya daktari wako inayoeleza umetibiwa kwa muda gani na vipimo vya karibuni vilisomaje. Barua inayosema kwamba presha imedhibitiwa kwa mwaka mzima ina uzito kuliko maelezo marefu ya mdomo.

Mwisho, usikate tiketi ya ndege wala kuuza vyombo vya nyumba kabla ya viza kutoka. Ukikataliwa, soma barua yote. Mara nyingi hueleza sababu na kusema kama unaweza kukata rufaa au kuleta vipimo vipya. Yule mpishi wa Christchurch angefunga virago siku ya kwanza, hangepata hiyo miaka miwili.

Na ikitokea kwamba safari yenyewe imekwama, presha iliyoshuka na sukari iliyotulia hazirudi ubalozini pamoja na karatasi. Hizo utabaki nazo hapa nyumbani, uwalee watoto wako nazo.