Wacheze Kwanza, Wachange Baadaye

Mchezo wa kuigiza mezani, ule ambao watu wanne watano huketi pamoja, kila mmoja na mhusika wake, mwendeshaji akisimulia na dadu zikiamua, hauonekani dukani. Kinachoonekana ni kitabu cha kanuni, na kitabu si mchezo. Kwa hiyo mbunifu wa michezo wa Sironga, Nyamira, anayetafuta wa kumgharimia uchapishaji aanze kwa kuwachezesha watu; bango lisubiri. Dungeons & Dragons, mchezo wa aina hii, ilitoka 1974 kwa nakala 1,000 tu, ikaenea kwa kuwa aliyeionja kwa rafiki alitaka kuwaonjesha wengine. Mwaka 2021 mchezo mwingine, Avatar Legends, ulikusanya zaidi ya dola milioni 9 kwenye Kickstarter, mtandao wa kuchangisha pesa. Jina la katuni maarufu lilichangia sana, lakini hata wenye jina hilo walitoa bure kijitabu cha kuanzia.

Tuseme mchezo wetu unahusu mwaka 1908, Otenyo alipomchoma mkuki ofisa Mwingereza Northcote. Ukiutangaza kama mchezo wa historia ya Abagusii, watu watakupongeza na kwenda zao. Waonyeshe meza badala yake: anayemwigiza Moraa, yule nabii mwanamke, ana dadu moja tu mkononi, amchochee Otenyo sasa hivi, au angoje huku askari wakizidi kukusanya mifugo? Wenzake wamekaa kimya wakimtazama. Video ya dakika mbili ya namna hiyo inauza kuliko kurasa kumi za sifa. Wapo wanaohofu kwamba aliyecheza bure hatalipa. Lakini kinachotolewa bure ni kisa kimoja, na anayetaka kuwachezesha wenzake kisa cha pili atahitaji kitabu.

Pingamizi zito zaidi ni la pesa. Kickstarter haimruhusu mkazi wa Kenya kufungua kampeni, na harambee yetu tumeizoea kwa karo, hospitali na matanga. Nani atatoa shilingi mia tano kwa mchezo? Hatatoa, ikiwa ataombwa msaada. Mchangiaji huyu ni mnunuzi anayelipa mapema, na ana haki ya kujua atapata nini, lini, na mchapishaji anadai kiasi gani. Cha kuiga kwenye harambee ni kamati, mweka hazina na hesabu kusomwa hadharani. Njia ya kupokea pesa ipo, M-Pesa tangu 2007 na mtandao wa michango wa M-Changa tangu 2012.

Zawadi za wachangiaji ndizo huzamisha wengi. Dadu za mawe ya sabuni ya Tabaka zingependeza mno, na Abagusii walioko Minnesota wangezigombania. Ila mawe hayo ni mazito, hukwaruzika upesi, na dadu ya kuchongwa kwa mkono ikiegemea upande mmoja huharibu mchezo. Zichongwe chache, zirushwe mara nyingi kupimwa, kisha wauziwe walio karibu. Wa ng'ambo apelekewe kitabu kwa barua pepe, maana nauli ya kifurushi inaweza kumeza mchango wake wote.