Uvimbe katika Titi Usifichwe

Mama akiota jipu mguuni, humwonyesha jirani. Akiota uvimbe katika titi, hunyamaza. Anaona haya. Anaogopa kuambiwa amerogwa. Anaogopa mumewe atamwacha. Kunyamaza huko ni hatari.

Saratani ya matiti, ambayo wengi huiita kansa, huanza na uvimbe mdogo. Mara nyingi hauumi. Kwa hiyo mama huendelea kulima na kuchota maji. Maumivu yanapoanza, huenda ugonjwa umekwisha enea mwilini. Ukigunduliwa mapema, wengi hupona.

Saratani si uchawi. Wala haiambukizwi kwa kula pamoja au kulala pamoja.

Kila mwezi, hedhi ikiisha, jitazame na kujipapasa matiti yote mawili hadi kwapani. Nenda zahanati upesi ukiona dalili hizi:

1. Uvimbe au mahali pagumu.
2. Ngozi iliyobonyea, au iliyo kama ganda la chungwa.
3. Chuchu iliyoanza kuingia ndani.
4. Damu inayotoka kwenye chuchu.

Hata kama huna dalili, ukifika zahanati mwombe muuguzi akupime matiti.

Usikate tamaa kabla ya kupimwa. Uvimbe mwingi si saratani. Pakiwa na shaka, utapelekwa hospitali kubwa. Hapa Tanzania saratani hutibiwa Ocean Road, Dar es Salaam, Bugando, Mwanza, na KCMC, Moshi.

Nawe baba, mkeo akikuambia, usimfokee. Tafuta nauli, mwende pamoja. Wanaume wachache nao hupata ugonjwa huu.